Unga Mweupe Kwenye Betri

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa gereji moja hapa Kitengela wakati pikapu yenye keki ya harusi iliposukumwa mpaka mlangoni. Mwenyewe alikuwa mama wa bwana harusi, na kanisani Kajiado walikuwa wakimngoja saa nne.

"Imekataa kuwaka kabisa," alisema akijifuta jasho.

Fundi alijaribu ufunguo, akatikisa kichwa. "Mama, hiyo ni stata imekufa. Ngoja mpaka jioni."

Mama akajifunika uso kwa leso. Ndipo koko, yaani nyanya wa Kimaasai, aliyekuwa naye, shanga tele shingoni, aliposhuka akachungulia ndani ya boneti.

"Na hii unga nyeupe kwa betri ni ya nini? Niletee maji moto na brashi."

Alivimwagia maji vichwa vya betri, akavisugua, akamwamuru fundi akaze nyaya. Mama akawasha. Pikapu ikanguruma, vigelegele vikafuata.

Fundi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Koko, ulisomea wapi?"

"Kwa trekta yangu. Huko kwetu fundi hafiki."

Wasomaji wangu, safisheni betri zenu kila mwezi, maana unga huo huzuia umeme. Si kila mtu ana koko wa kusafiri naye.