Mwethya Kwenye Kichaka cha Kasiva

Kiangazi hiki panga la Kasiva halikusikika. Sisi majirani zake wa Kyuso tulizoea mlio ule mkavu wa asubuhi, uliotulia kila mara ili mwenyewe akohoe. Ulipokosekana, vilima vilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Kila mwaka kabla ya mvua alikata kipande kimoja tu cha kichaka chake. Alikata mshazari, karibu na ardhi, maji yateleze na visiki visioze, kisha akavifunika kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasile machipukizi. Vipande vingine vilingoja zamu. Digidigi walipenya miiba wakala majani mororo, wakaenda kulala kwenye kichaka kizee. Aliwaita wapangaji wake, akalalamika kwamba hawasalimii mtu.

Alipolazwa hospitali ya Mwingi kwa sababu ya nyonga, Muthoki, kiongozi wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, alituita tukamkatie. Tulikwenda wengi, tukiimba, na kazi ikaisha mapema mno. Muthokoi wa mahindi na maharagwe ulikuwa haujaiva, na nani ale chakula cha mwethya bila kutoka jasho? Tukaingia kipande cha pili. Tulipoanza kile kizee cha korongoni, Muthoki alimpigia simu Kasiva, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama, kumpa habari njema.

"Mwaitu, wewe pona tu. Tunakumalizia chote."

"Hayo mapanga ninayoyasikia yako wapi?"

"Kule korongoni."

"Muthoki, wewe mgeni wako unampa chakula halafu unavunja kitanda chake?"

"Lakini Mwaitu, tumeshaanza."

"Basi acheni. Nikirudi nikute patupu, hao wanyama nitawalaza wapi, kwako? Mwambie Nyamai kwanza. Huyo hasikii mpaka atajwe mamake."

Nyamai alikuwa ameinua panga. Alilishusha polepole, bila kutajiwa mtu. Mwanya tuliokuwa tumeufungua haukuzidi upana wa mlango. Tuliuziba kwa miiba, tukavifunika visiki vyote pia, tukala tukiwa tumechoka kweli.

Jioni Kasiva alipiga tena. "Wapo?"

Muthoki aliinua simu kuelekea korongoni. Mluzi mwembamba wa puani wa digidigi ukatoka ndani ya kichaka.

"Wapo, Mwaitu."

Kasiva bado hajarudi; sasa anaishi Makindu kwa bintiye, na anatembea kwa mkongojo.