Ulanzi Uliopasuka Angani Siku ya Mtihani Wangu wa Urubani

Nimeshawahi kulowa pombe kuanzia kisogoni mpaka kwenye soksi nikiwa angani, nje sioni kitu, usukani mkononi, na sijaonja hata tone.

Hujakosea kusoma. Tulia nikusimulie.

Naitwa Ombeni, mtoto wa Kalenga, Iringa. Ni rubani wa ndege ndogo. Wakati huo leseni yangu ilikuwa ya kuruka hali ya hewa ikiwa safi tu. Wingu likitanda, mimi nabaki chini kama kuku aliyenyeshewa.

Ili uruhusiwe kupita mawinguni lazima uwe na kibali kingine, cha kuruka kwa vyombo. Yaani huangalii nje kabisa. Unasoma mishale na namba zilizo mbele yako, na unaziamini kuliko macho, masikio na tumbo lako.

Sasa kuna kampuni inayopeleka watalii mbugani ilishaniambia, "Lete kibali, kazi ipo." Mwisho Jumatatu. Nisipokileta wanachukua mtu mwingine, kwisha habari.

Mtihani wangu ukapangwa Ijumaa. Kuruka Iringa mpaka Mbeya, pembeni amekaa mtahini, Kapteni Andendekisye.

Huyu mzee wa Kinyakyusa ni noma. Hacheki. Alipanda basi kutoka Mbeya, akalala Mlandege, hapo hapo Iringa mjini, kwa wenyeji wake, na kabla hajalala akanipigia simu.

"Ombeni, unalala vizuri siku hizi?"

"Ndiyo, Kapteni."

"Unaumwa? Unatumia dawa? Umekunywa pombe? Una ugomvi na mtu?"

"Hapana, Kapteni."

"Sawa. Mtihani umeshaanza." Akakata.

Asubuhi, nafunga viatu, nikasikia hodi. Shangazi Yusta huyo, katoka Kalenga na bodaboda, kapakata dumu la ulanzi.

Kwa wasioujua, ulanzi ni pombe ya mianzi, na msimu wake ndio huo wa mvua. Ni mtamu, na haukai kimya. Unachachuka wenyewe humo humo kwenye dumu.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimia kwa Kihehe. "Nimesikia unaenda Mbeya."

"Kamwene, Shangazi. Naenda kwenye mtihani."

"Si unaenda Mbeya lakini? Mpelekee Clement huu. Tangu ahamie huko mwanangu hajaonja."

"Shangazi, ile ni ndege, siyo fuso!"

"Kwani ndege haina pa kuwekea mzigo?"

Jamani, Shangazi ndiye aliyenilea. Kwetu anayesafiri hasafiri mikono mitupu, na mtu akikataa mzigo wa shangazi, ukoo mzima utakaa kikao. Nikapokea.

"Mfuniko nimeutoboa na msumari," akaniambia. "Usiuzibe. Ulanzi unapumua, wewe."

Uwanjani nikawahi. Nikakagua ndege yote, matairi, mabawa, oili. Nikachota mafuta kidogo kuangalia kama yana maji. Nikasoma hali ya hewa ya Mbeya, na ya uwanja wa akiba endapo Mbeya kungefungwa na wingu. Kila kitu safi.

Dumu nikaliviringisha kwenye koti, nikalisukuma nyuma kabisa.

Kapteni akafika na begi lake jeusi, akalitupia nyuma ya viti. Akachukua hesabu yangu ya uzito wa ndege, akaisoma mstari kwa mstari.

"Vyote vilivyomo humu ndivyo hivi ulivyoandika?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini nikajiambia, dumu moja tu, ndege itajuaje?

"Ndivyo, Kapteni."

Tukapaa.

Tulipoacha mji akanivalisha ile kofia ya mtihani, ina ukingo mrefu unaoziba kila kitu nje. Ukiivaa unaona vyombo vyako tu. Tukapanda mpaka futi elfu kumi. Nilikuwa naruka vizuri, aisee, mishale imetulia. Nikaanza kuona mshahara kwa mbali.

Mara nyuma, PAA!

Mlipuko wa haja. Ndege nzima ikanyunyiziwa maji. Kitu cha baridi kikanishuka kisogoni, kikaingia shati, kikaendelea na safari zake.

"Ee Kyala!" Kapteni akapiga yowe la kumwita Mungu kwa Kinyakyusa. "Tumekwisha! Injini!"

Mwili wangu wote ukaniambia tunaanguka. Tumbo likasema tunaanguka. Masikio yakaunga mkono.

Nikatazama vyombo. Injini inazunguka vilevile. Oili iko sawa. Mwinuko futi elfu kumi, mwelekeo haujahama hata nywele.

"Kapteni, injini ni nzima," nikasema, sauti inatetemeka kama ya mwizi kanisani.

Nikadhani labda ni mafuta yamevuja. Nikanusa.

Siyo mafuta. Ni ulanzi!

Nikajua tu lile koti limeziba tundu la Shangazi, dumu limevimba na kupasuka. Kwaheri kazi. Kwaheri leseni. Nilitamani kulia, ila kwa ile kofia hata machozi ningeyafutia wapi?

Cha ajabu, Kapteni akanyamaza ghafla. Nikamsikia ananusa. Fu, fu, fu.

Kisha kwa sauti ndogo sana akasema, "Endelea na mtihani."

Nikaendelea. Ndani ya ndege kunanuka kilabu cha pombe, mimi nasoma mishale. Nikaishusha Mbeya hatua kwa hatua, na aliponiambia nivue kofia, njia ya kutua ilikuwa imelala katikati mbele yangu. Nikatua laini.

Injini ilipozimwa tu, Kapteni akanipa mkono haraka haraka.

"Hongera, umefaulu. Shuka, nenda kapumzike. Nyuma nitapasafisha mwenyewe."

Mtahini? Asafishe ndege? Nikajua mzee kanihurumia, anataka kunifichia aibu. Roho ikanisuta vibaya mno.

"Kapteni, siwezi. Ule ulanzi ni wangu."

"Wako?"

"Nilibeba dumu la shangazi yangu. Sikuliandika. Umeniuliza nikakudanganya. Naomba unisamehe."

Akageuka, akafunua koti langu.

Dumu lilikuwa zima! Limekaa zake, linapumua taratibu kwenye kitundu chake.

Pembeni yake, begi jeusi la Kapteni lilikuwa linachuruzika. Akatoa ndani yake chupa ya soda iliyopasuka vipande. Shingoni mfuniko umekazwa mpaka mwisho, na juu yake kazungushia solotepu.

"Wenyeji wangu wa Mlandege walinipa zawadi ya ulanzi," akasema. "Nikaufunga vizuri usimwagike."

Mnyakyusa wa watu. Ulanzi angeujulia wapi?

Kapteni akakaa chini, pale pale kwenye lami.

"Ombeni, ungenyamaza ningebaki na aibu hii peke yangu."

"Kwa hiyo bado nimefaulu?"

"Ulikuwa umefaulu. Sasa umefeli."

"Na wewe, Kapteni?"

Akasonya. "Mimi nimefeli kabla yako."

Akatoa simu, akawapigia wakubwa zake, akajishtaki mwenyewe. Mtu wa upande wa pili alicheka mpaka nikamsikia.

Mimi nikampigia bosi wa ile kampuni. Nikamweleza yote, nikisubiri tu anikatie simu.

"Ungekaa kimya wangejua?" akauliza.

"Hapana, bosi. Nilishapewa mkono wa hongera."



"Marubani wa kutua vizuri ninao," akasema. "Anayejisema mwenyewe sina. Rudia mtihani, nafasi yako naishikilia. Ila uoge kwanza, sauti yako tu inanuka."

Nikarudia na mtahini mwingine, nikafaulu. Leo hii napita mawinguni na watalii wangu, na nyuma ya viti hakuna kitu nisichokitaja.

Funzo? Angani vyombo viliniambia ukweli wote. Chini, kabla ya kuondoka, hakuna chombo kinachomkagua rubani. Pale ni wewe na mdomo wako. Ukiulizwa umebeba nini, sema.