Leso Niliyomfunga Uwanjani

Mjukuu wangu nimemlea mimi, kukhu wake, bibi mzaa mzazi wake, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, hapa Butula. Shule yangu ilikomea darasa la tatu, kwa hiyo alipoingia chuo huko Busia nilitembea sokoni nimeinua kichwa. Akaniambia anacheza voliboli. Sawa. Halafu akanialika: watakuja watu wa timu kubwa kutoka Nairobi kuchagua msichana mmoja, na yeye anataka niwepo.

Nilienda na leso yangu mpya. Mpira niliujua, nguo zake sikuzijua. Mtoto akatokea na kaptura imembana, mapaja yote nje, na mbele kabisa ameketi mzee wa kanisa letu, ambaye binti yake husoma hapo. Sikungoja. Niliingia uwanjani refa akiwa na filimbi mdomoni, nikamfunga leso kiunoni, mafundo mawili, nikarudi kuketi. Vijana nyuma yangu wakacheka. Mmoja akasema, "Mama, hapa si kanisani." Nilimtazama mpaka akaangalia viatu vyake.

Sasa, kwetu kuna jambo. Nguo ambayo mkubwa amekufunga kwa mkono wake, iwe ya harusi, iwe ya matanga, huifungui mwenyewe. Aliyefunga ndiye anafungua. Nilimfundisha hivyo akiwa mdogo, na fimbo kidogo juu yake. Nilidhani ataitupa pembeni kama watoto wa siku hizi. Hakuitupa. Alienda akaketi kwenye benchi, akanitazama.

Kocha alimwinamia, wakazungumza, mtoto akatikisa kichwa. Nilijua anangoja nini. Ningeinuka tu. Lakini wale vijana walikuwa bado wanacheka, mzee wa kanisa amenigeukia, na mimi nimezoea neno langu kuwa moja. Nikakaa. Wenzake wakashindwa seti ya kwanza. Watu wa Nairobi wakawa wanaangalia wengine.

Seti ya pili ikielekea kuisha ndipo nilienda. Mafundo yalikuwa yamekaza, nikayafungua moja moja. Yeye amesimama, mikono ameinua kidogo, vile alivyokuwa akisimama nikimvalisha sare ya nasari.

"Nenda ucheze," nikasema.

"Asante, kukhu."

Hakukuwa na hasira ndani ya sauti yake. Afadhali angenitukana.

Alipiga mipira michache, yote mizuri. Wakachagua mwingine.

Jioni majirani walikuja kuuliza habari. Kabla sijafungua mdomo, akawaambia goti lilimsumbua, ndiyo maana kocha alimweka nje. Hata akalishika, akakunja uso. Mtoto ambaye nilikuwa namchapa kwa kusema uongo.

Kuna mama anauza omena sokoni, kila akiniona huniuliza kama goti la mjukuu wangu limepona. Namwambia linaendelea vizuri, halafu nainama kuchagua samaki.