Chausiku anayewinda moshi chini ya nyaya

Saa moja asubuhi, Chausiku Mwinjuma anatembea chini ya nyaya za umeme mkubwa, njia ya Kisaki, huku akinusa hewa. Anatafuta moshi. Mvua zinakaribia, na huku wengi husafisha mashamba kwa kiberiti.

Moshi mzito ukifika kwenye nyaya, umeme unaruka na njia nzima inajizima. Mama huyu wa miaka 52 analipwa Sh8,000 kwa siku ili awahi kabla ya moto. Kilomita sita anazimaliza kwa kandambili.

Leo anamkuta kaka yake, Abeid, ukingoni mwa shamba lake, kiberiti mkononi.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Najua kilichokuleta,” anajibu Abeid, akinyoosha mguu wake mbovu. “Ekari nzima nitaifyeka na mguu huu? Nisipochoma, sipandi. Tena nasikia umeme wenyewe tunanunua kwa Wahabeshi. Moshi wangu utafika Ethiopia?”

Mzee ana maneno, na hoja yake si ya kuchekwa. Gridi yetu sasa imeungana na za majirani: maji yakipungua kwetu, mabwawa ya wenzetu yanaweza kutubeba. Lakini umeme uwe wa kwetu au wa kununuliwa, lazima upite kwenye nyaya.

“Mashine inayosaga mahindi yako haiulizi umeme umetoka kwa nani,” anasema Chausiku. “Waya ukizima, umezima.”

Abeid anatoa njiti. Hapo dada mtu anaketi chini, sauti imeshuka.

“Kaka, ule moto wa mwaka juzi, uliokata umeme hadi mjini, ulikuwa wangu. Niliwasha shambani nikaenda kuchota maji. Usiku ule jirani yetu Mwanvita alijifungulia zahanati kwa tochi ya simu. Mtoto alitoka salama, lakini tangu hapo sina raha.”

Abeid anarudisha njiti kwenye kiberiti.

“Basi nifyekee wewe, Chau.”

Anafyeka kweli. Hadi adhuhuri kona moja ya shamba ni nyeupe, na Abeid anakusanya majani akiwa amekaa. Chausiku anataka msimu ujao wanakijiji wafyekeane kwa zamu, wakianza na wazee.

Namuuliza kama niandike na habari ya moto wake. Anafuta jasho kwa ncha ya kanga.

“Andika. Ila niambie gazeti linatoka lini,” anasema. “Nataka Mwanvita asikie kwangu kwanza.”