Vidonge vya Marehemu

Mfamasia wa Chamazi haachii pakiti ya dawa mpaka umrudishie maelezo yake neno kwa neno. Wewe unavuta, yeye anavuta, huku anatabasamu, na wenye haraka wamembatiza jina la mwalimu wa zamu. Asubuhi moja Bibi Adelina aliingia akipepesuka, akaomba dawa ya kizunguzungu.

“Shikamoo, bibi. Hebu mwaga kwanza hicho kimkoba,” mfamasia alisema kwa sauti yake ya kukwaruza.

Zikamwagika leso, pipi za tangawizi na vidonge vya presha vya aina mbili.

“Hivi vyangu, hivi vya marehemu mzee wangu. Navimeza vyote, mwanangu. Dawa nzima nzima nitupe?”

Wateja wakaangua kicheko. Mfamasia hakucheka. Alimkalisha bibi kwenye kiti chake mwenyewe, akampima: presha ilikuwa chini mno. Akaita bajaji ya kumwahisha hospitali, kisha akavitenga vidonge vya marehemu.

“Bibi, mzee hana haraka na wewe.”

“Humjui yule,” bibi akaguna. “Alikuwaga hawezi kunisubiri hata nivae viatu.”