Udi Nilioutoa Mapema

Wenzangu wa mtaa wa Batha, hapa Riyadh, wakitaka kunikomesha mpaka leo hawahangaiki kunitukana, wananusa hewani tu, basi, na mimi najifunika uso kwa mtandio, kwa sababu simjui mtu mwengine aliyewafukuza wageni wa heshima kwa mkono wake mwenyewe huku akitabasamu mpaka magego yanaonekana. Bora niwahadithie mwenyewe kabla hamjaletewa iliyotiwa chumvi.

Mimi ni mfasiri katika ofisi moja ya Olaya, Riyadh, na Kiarabu changu nilikisoma Unguja, vitabuni, kwa hiyo maneno ninayo tele ila nyumba za watu sizijui (miaka yangu yote ya huku nimekula pilau na Wazanzibari wenzangu). Ofisi ikaniazima kwa Daktari Malati, mwanahistoria wa Kimarathi kutoka Pune, India, bibi mwembamba wa sari za pamba na raba nyeupe, ambaye umri wake ameumalizia kwenye nyaraka. Anasoma Kimodi, mwandiko wa zamani ambao hata Wamarathi wengi hawausomi tena, na vumbi la makabati limemwachia kifua kibovu (hilo la kifua likumbukeni). Alikuwa akitafuta habari za mahujaji wa pwani ya kwao ya Konkani waliokuja Jidda kwa meli. Habari za wafalme zimeshaandikwa za kutosha, alikuwa akiniambia, yeye anataka kujua bibi wa kijijini alipoteremka bandarini alilala wapi na nani alimpa maji ya kunywa.

Sasa, Jidda kulikuwa na mjane, Ummu Nabil, ambaye babu yake alikuwa akipokea mahujaji hao, na nyumbani kwake kuna sanduku la karatasi zisizosomeka na mtu. Akakubali kuja na wanawe wawili kwenye fleti tuliyopanga huko huko Jidda, amwone Daktari anavyoishi na amsikilize, halafu ndiyo aamue kama sanduku litafunguliwa au la. (Wanawake wawili wageni tumepanga fleti wenyewe, gari naendesha mimi, wageni wanaume na wanawake wanakaa sebule moja! Walioishi huku zamani nikiwasimulia wanatikisa kichwa.) Daktari alikuwa anarudi kwao kesho yake, na mwaliko mwengine hakuwa nao, kwa hiyo alasiri ile ndiyo ilikuwa yote. Toka asubuhi alikuwa amevaa sari yake nzuri, anazunguka meza, anafungua kompyuta, anaifunga, anafungua tena.

Mimi nikaona nisaidie. Nilikuwa na udi niliopewa na mama yangu, udi wa kweli si wa kubahatisha, nikasema leo hawa watajua kuwa tumelelewa. Wageni wakafika, wakakaa, nikamimina kahawa, tende ikazunguka, Daktari akafungua kompyuta na kusema, "Ummu Nabil, mimi nilianza kazi hii nikiwa mwalimu wa shule...", na hapo ndipo mimi, na akili zangu timamu, nikatokea jikoni na chetezo kinafuka kama jiko la arusi.

Ummu Nabil akakitazama chetezo, akawatazama wanawe, wanawe wakaitazama kahawa. Kisha kwa adabu kubwa akajifukiza, akampa Nabil, Nabil akampa mdogo wake, na wote watatu wakasimama. "Mungu awalipe kheri," wakasema, na mlango huo. Daktari alitaka kuwazuia, masikini, lakini moshi ulikuwa umeshamwingia kifuani, anakohoa, ananyoosha mkono, machozi yanamtoka. Na mimi (nipigeni) nilidhani wametoka kujinyoosha kidogo, nikawafuata na chetezo mpaka kwenye lifti, nikaanza kumpepea Ummu Nabil mgongoni ili udi umwingie vizuri. Kengele ya moto ya ukumbini ikalia juu ya kichwa changu.

Lifti ikazima. Jengo zima likateremka kwa ngazi, watoto, wazee, bwana mmoja na povu la sabuni kichwani, Ummu Nabil na magoti yake mabovu kashikwa huku na huku, na mimi nyuma yao, chetezo mkononi, nasema samahani kwa kila anayenipita. Chini nikakutana na mlinzi, Otieno, Mkenya.

"Wueh! Madam, moto iko wapi?"

Akaona nilichoshika.

"Yaani umeibeba? Umeshuka nayo?"

Ummu Nabil akapewa kiti cha plastiki cha Otieno. Nikamwinamia, nikamuuliza mbona wameondoka kahawa bado ya moto. Nabil ndiye aliyejibu, kwa upole uliozidi kuniumiza. "Dada, si wewe uliyetuaga?" Kumbe kwao udi ukishazungushwa kwa wageni, ziara imekwisha, kila mtu anavaa viatu. Nikawaambia kwetu ndiyo kwanza karibu! Kwetu udi unatangulia, halafu ndiyo mtu anakaa. Nilitamani barabara inimeze pamoja na chetezo changu.

Daktari akateremka, pumzi zimemrudia nusu, nikamfasiria aibu yangu yote. Hakunikaripia. Alivuta ukingo wa sari, akakaa kwenye ukingo wa barabara miguuni pa Ummu Nabil.

"Vitu vyangu vyote vya kukuonyesha viko juu," akasema. "Basi nikuulize tu. Babu yako mlikuwa mkimwitaje?"

"Ajoba," akajibu Ummu Nabil. "Watoto wa mahujaji ndio walioanza, na sisi sote tukafuata. Tulidhani jina tu."

Daktari akasema taratibu, na mimi nikafasiri neno kwa neno, "Si jina. Ni Kimarathi, maana yake babu. Mimi pia babu yangu nilimwita hivyo. Wale watoto walimwita babu yao."

Yule mama akajifuta macho kwa ncha ya abaya, halafu akanitazama mimi na chetezo changu, akaanza kucheka, kicheko cha kushika mbavu, mpaka Otieno akacheka bila kujua sababu.

"Yalla," akasema, "twendeni nyumbani. Huyu asiguse makaa."

Sanduku lilifunguliwa jioni ile ile, Daktari akaisogeza safari yake mbele, na siku zote tulizokuwa tukienda pale, chetezo cha nyumba kiliwekwa juu ya kabati nisipokifikia. Nimeapa: nyumba ya mtu sifukizi tena mpaka niulize, wa kukaribisha huu au wa kuaga? Siku Daktari alipomaliza karatasi ya mwisho, akazifunga zote kwa kitambaa chekundu kama wafanyavyo kwao Pune, Ummu Nabil alikiteremsha chetezo mwenyewe, akanipa mkononi.

"Zuwena," akasema, "sasa."

Nikakizungusha mtu kwa mtu, polepole, na safari hii hakuna aliyenyanyuka.