Ukurasa wa Makumi Mbili

Nilisoma miaka sita ya shule ya msingi na miwili juu yake, basi. Kwa masomo hayo nilipewa kufundisha kalasi ya kwanza hapa Kindu, maana walimu wenye diploma walikuwa hawatoshi. Nilijua siku yoyote wanaweza kunitoa.

Mwaka ule zone, ndiyo serikali ya wilaya, iliamuru shule zote, kutoka kwetu mpaka Kibombo, zifundishe kusoma kwa namna moja: sentensi kwanza, halafu neno, halafu silabi. Juma moja, ukurasa mmoja, kila mahali. Zone ikatuma mshauri wa walimu, mtu wa kupanda na kushuka treni na mfuko wa fishi, zile karatasi za kupanga masomo. Kazi yake alikuwa anaijua, hilo simnyimi. Alikaa benchi ya nyuma kati ya watoto, magoti karibu na kidevu.

Watoto wangu wengi walikuwa wanatoka chuoni, kwa Kurani. Walizoea kuyumba mwili na kushika maneno kwa kichwa. Mshauri akaenda kwenye tablo, akafunika sentensi niliyoiandika kwa chaki kwa kiganja, akaacha neno moja tu. Watoto wakaimba sentensi nzima.

“Mwalimu, hawa hawasomi,” akasema. “Wanakumbuka.”

“Sasa nifanye nini, sitoyeni?” nikauliza. Sitoyeni, yaani raia, ndivyo tulivyoitana wakati ule badala ya bwana.

“Kata sentensi. Changanya maneno. Usiende mbele mpaka wayasome yakiwa yamechanganyika.”

Nikakata. Niliandika maneno kwenye vipande vya katoni ya sabuni, nikawa nayachanganya kila asubuhi baada ya kupandisha bendera. Tulienda polepole, lakini walisoma. Msichana mmoja alinisomea maneno yaliyoandikwa kwenye kikwembe, nguo aliyojifunga mama yake, maneno ambayo sikuwahi kumfundisha.

Tulikuwa ku ukurasa wa kumi na mbili, na kalenda ya zone ilikuwa ku makumi mbili, ndipo tukaambiwa inspektere anakuja baada ya siku mbili. Direktere wa shule akatuita walimu wote.

“Kila kalasi itasoma ukurasa wa makumi mbili.”

“Wangu hawajafika kule,” nikasema.

“Watoto wanashika sura za Kurani, watashindwa ukurasa moja ya bata na kisima? Siku mbili iko mingi!”

Wenzangu wakacheka.

“Wataushika, direktere. Hawatausoma.”

“Wewe nani amekuuliza? Hata diploma hauna.”

Mshauri alikuwa pale pale, anaangalia viatu vyake.

Sikuwafundisha ukurasa ule. Si kwa ushujaa. Nilidhani mshauri atasema yeye mwenyewe alichoniagiza.

Inspektere alipofika, kalasi ya jirani waliuimba wote kwa pamoja, wakiyumba, naye akawapigia makofi. Kwangu walisoma ukurasa ule ule neno kwa neno, wakakwama, wakarudi nyuma, wakasoma tena. Walifika mwisho. Mmoja alikuwa analia.

Inspektere akamgeukia mshauri. “Huyu njo anafuata mashauri yako?”

“Nilimwambia ukurasa wa makumi mbili, sitoyeni inspektere.”

Direktere akaongeza kwamba sina diploma. Juma lile lile wakanitoa. Siwataji majina, lakini wenye kosa ni hao watatu: direktere aliyedanganya, inspektere aliyependa kudanganywa, na mshauri aliyekana neno lake mwenyewe mbele yangu.

Baada ya mwezi mshauri akaja nyumbani. Mke wangu akampa kiti, mimi nikabaki nimesimama. Hakuomba msamaha. Aliomba fishi zangu na vile vipande vya katoni, akawaonyeshe walimu wa Kibombo.

“Kule wanaimba tu, ndugu yangu,” akasema. “Kazi yako ilikuwa nzuri.”

Nikavitoa, nikasema: “Andika jina langu juu yake.”

“Haiwezekani. Kazi ya mwalimu aliyefukuzwa haipiti ku zone.”

Nikavirudisha vyote ndani, nikamwonyesha njia ya kwenda gari la moshi. Watoto wa Kibombo sikuwafikiria siku ile. Kwa hiyo wenye kosa tulikuwa wanne.